Maisha ya Tupokigwe Mwandambo, Aliyesifiwa kwa Kuinamisha Macho

Tuliyekuja kumsindikiza leo, Alhamisi tarehe 21 Juni 1979, ni Tupokigwe, binti wa mzee Yotamu Mwandambo na mama Juliana. Mimi ninayesoma ni Mika, mdogo wake wa kumfuata. Najua kuna baridi na wengine mmetoka mbali, lakini naomba mnivumilie. Marehemu mwenyewe aliagiza ugonjwa wake usomwe hadharani, na agizo la marehemu halikatwi nusu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 huko Isyonje, mlimani. Baadaye wazazi walishuka kulima hapa Uyole. Tangu mdogo alikuwa na sauti. Baba alipokuwa bondeni na chakula kimeiva, watoto wa majirani walitumwa mbio kuwaita baba zao. Dada alisimama mlangoni akaita mara moja, na wazee watatu wasiohusika walinyanyuka na majembe yao. Mama alimgombeza kwamba mtoto wa kike hapigi kelele, lakini aliendelea kumtuma.

Alimaliza darasa la saba hapa hapa Uyole mwaka 1966. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, na jambo hilo lilimuuma sana. Alichofanya ni kumkalisha mama jikoni na kumfundisha kusoma. Mama akaweza. Basi mwaka 1971, serikali ilipotafuta walimu wa kisomo cha watu wazima, hapakuwa na haja ya kuuliza nani. Alifundisha kila siku saa kumi, watu wakishatoka shamba, katika lile banda la mianzi nyuma ya kanisa. Wengi mnaoifuata ratiba hii kwa macho yenu wenyewe mlifundishwa na yeye.

Alifunga ndoa na Asukile Mwakyoma Jumamosi tarehe 26 Agosti 1972. Walijaliwa binti mmoja, Subilaga, mwaka 1974. Kwa wageni wetu niseme kidogo: kwetu Wanyakyusa, mke na baba mkwe hawaonani. Wakielekea kukutana njiani, mmoja hujitosa migombani mpaka mwenzake apite. Marehemu aliushika mwiko huo vizuri, na baba mkwe wake, mzee Andendekisye, aliushika vilevile.

Shida ni kwamba mzee alitaka kusoma, na mwalimu alikuwa mke wa mwanawe. Akatafuta njia. Alikaa nje ya banda, mgongo kwenye ukuta wa mianzi, na kibao chake magotini. Neno likimshinda alikohoa. Marehemu huko ndani alilirudia polepole, kana kwamba amejisikia tu kulirudia. Darasa zima lilijua, na lilicheka kimya kimya. Katika mtihani wa Agosti 1975 msimamizi alimpelekea karatasi huko huko ukutani, na mzee akafaulu.

Mwaka 1976 kope za marehemu zilianza kushuka. Naomba tusikilizane hapa. Akina mama wa hapa waliwaambia mabinti zao: "Mtazameni mke wa Asukile. Miaka minne ya ndoa, bado anainamisha macho kama bibi harusi!" Tukamsifu kanisani, tukamsifu sokoni. Kumbe kope zilikuwa zinaanguka zenyewe na hana nguvu ya kuziinua. Ilipofika jioni aliona watu wawili wawili, akanyamaza, maana nani anataka kuharibu sifa nzuri kama hiyo?

Aliyegundua ni yule ambaye hakuwahi kumwona. Mzee Andendekisye alimwita Asukile akamwambia: "Gwe Asukile, mke wako anaumwa. Saa kumi sauti yake ni ya msichana. Jua likishuka inakuwa ya bibi kizee, maneno yanateleza. Kesho yake ni msichana tena. Huo siyo uchovu wa jembe. Mpeleke hospitali."

Hakupelekwa mara moja. Ikafika mahali nyama inamshinda kutafuna na maji anayokunywa yanatokea puani. Julai 1977 Asukile na mimi tulimpeleka kwenye hospitali moja ya misheni upande wa Iringa. Daktari mmoja anaitwa Ambrosi alimwambia atazame juu ya dirisha bila kupepesa. Kope zikashuka hapo hapo kama pazia. Kisha akamchoma sindano. Hatukumaliza hata kuulizana, macho yakafunguka, makubwa, ya dada yangu wa zamani. Akanitazama akasema, "Mika, kumbe umeota ndevu!" Tulicheka, kisha Asukile akatoka nje kulia.

Daktari aliuliza nani alitambua kwamba anachoka akitumika na kupona akipumzika. Asukile akajibu, "Ni baba."

"Alikuwa akimtazama akifanya kazi?"

"Hajawahi kumtazama, daktari."

Sasa niseme alivyotueleza, kwa sababu ndiyo agizo. Neva haigusani na msuli. Kati yao kuna mwanya mdogo mno, na amri huvuka mwanya huo kwa kemikali. Upande wa msuli zipo protini ziitwazo vipokezi, ambazo kazi yake ni kuidaka hiyo kemikali. Hazikutapakaa ovyo, zimesongamana pale pale penye mwanya, na wataalamu wanaamini zipo protini nyingine zinazozishika na kuzipanga zisitawanyike. Hizo bado wanazichunguza hadi leo. Kwa dada yetu, kinga ya mwili wake mwenyewe ilivigeukia vipokezi ikaviharibu. Amri ya kwanza ilipita, ya pili ikapita kwa taabu, ya kumi haikupita.

Mimi niliuliza kama ni ugonjwa wa akili, maana maneno hayo yalikuwa yameanza. Daktari akasema ubongo nao una mianya yake, na vipokezi vyake vimepangwa vilevile, lakini vya dada vilikuwa vizima. Tupokigwe akasema, "Nimeelewa. Mwalimu naita vizuri tu, ila madawati yamevunjwa na wanafunzi hawana pa kukaa." Daktari akasema hata yeye asingeeleza hivyo.

Alirudi na vidonge, akahamishia darasa asubuhi. Karibu miaka miwili tulikuwa naye, na ukuta wa mianzi ulikuwa na mwanafunzi wake. Lakini maneno hayakulala. Watu walisema mzee alisogelea mno, mwiko umevunjika, pumzi ya watu, yaani hasira ya kijiji inayoleta ugonjwa pale mwiko unapovunjwa, imempiga mkwe wake. Marehemu aliyasikia yote. Yalimtesa kuliko kope.

Mwezi huu alishikwa na kikohozi cha baridi. Ugonjwa ukaingia kwenye misuli ya kupumua, na vidonge havikutosha. Alifariki Jumanne tarehe 19 Juni, saa tano asubuhi, hospitalini mjini Mbeya. Akili yake ilikuwa timamu mpaka mwisho. Nilikuwa nimeinamisha sikio mdomoni mwake. Alisema: "Wasimfukuze baba. Wasomee."

Nimesoma. Na sasa nawaambia mliokuwa mmepanga kukaa kikao kesho kuuliza nani ameua: sisi ndio wafiwa, sisi akina Mwandambo, na hatuulizi. Jana jioni baadhi yenu mlimwambia mzee asikanyage hapa. Nimeona aibu, na nina hasira, nisiwafiche. Mtu pekee aliyemsikia dada yangu akiumwa, wakati sisi wenye macho tunamsifu, ameshinda tangu alfajiri peke yake nyuma ya migomba ya jirani.

Marehemu ameacha mume, Asukile. Binti, Subilaga, mwenye miaka mitano. Wazazi wake, Yotamu na Juliana. Mimi mdogo wake. Na baba mkwe, Andendekisye Mwakyoma, ambaye hajawahi kumwona uso.

Baba yangu na wazee wa pande zote mbili wamekubaliana leo asubuhi: mwiko ulikuwa wa walio hai, na umekwisha. Tata Andendekisye, najua unanisikia, umezoea kusikiliza kutoka nje. Ndaga fijo, asante sana, kwa ulivyomtunza. Jeneza halijafungwa, tunakungoja wewe. Akina baba, mpisheni njia. Njoo, mzee, umwone mwanao, ndipo tumwache apumzike.