Aliyeandika Kwamba Haiyeyuki

Ndugu wafiwa, majirani, na wote mlioacha shughuli zenu kuja kutushika mkono, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Bwana Chembe, na haya yote aliniandikisha mwenyewe, pamoja na lile ambalo wengine nyumbani walitaka nilipite.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza kati ya watano, akasoma shule ya msingi kuanzia 1958 hadi 1965, kisha sekondari, ambako alipenda kemia mpaka mama akachoka kutafuta vikombe vyake, akahitimu chuo cha ufundi mwaka 1972, na tarehe 1 Februari 1973 akaajiriwa kuwa mpimaji katika maabara ya idara ya maji, chumba cha dirisha moja na sinki lililopasuka, alimofanya kazi miaka thelathini na mitatu.

Tarehe 20 Desemba 1975 alimwoa shemeji yangu, muuguzi, wakajaliwa binti mwaka 1977 na baadaye wavulana wawili, wakaishi katika nyumba hizi za watumishi tulimokaa leo, ambazo mabomba yake ni ya madini ya risasi na ndani yamejaa ukoko mweupe.

Tarehe 11 Juni 1979 alitumwa kuupima ukoko huo, akakuta ni kaboneti ya risasi, akafungua jedwali lake la shuleni, akaiona imepangwa pamoja na chumvi zisizoyeyuka, maana kwa wanakemia nayo ni chumvi, basi akaandika kwenye cheti neno moja, haiyeyuki, akatia saini, akarudi nyumbani, akanywa maji na wanawe.

Miaka minne baadaye bintiye, aliyekuwa mwepesi wa maneno kutushinda sote, alianza kulia tumbo, akasahau herufi alizokwisha kuzijua, daktari akapima damu yake akakuta risasi, ndipo kaka akachukua maji safi yaliyotokana na mvuke, akatumbukiza nyaya mbili za mita ipimayo umeme unaopita majini, mshale wake ukatulia, akatia unga wa ule ukoko, akatikisa, akachuja mpaka maji yakang'aa, na mshale ukasogea, kidogo tu.

Alinieleza mimi, nisiyejua zaidi ya sindano na uzi, kwamba sehemu ndogo ya chumvi hiyo huachana ndani ya maji, ioni, zile chembe zake alizozitaja kila siku, za risasi zenye chaji chanya zikaenda zao, za kaboneti zenye chaji hasi zikaenda zao, nyingine zikarudi kushikana kwenye ukoko, mpaka zinazotoka na zinazorudi zikalingana, lakini ukichota maji hayo na mapya yakaingia, ukoko hutoa tena, na sisi tulikuwa tunachota kila siku.

Tangu hapo aliandika barua ishirini na sita akiomba cheti chake kifutwe na mabomba yang'olewe, wakubwa wakampiga danadana huku wakimwonyesha saini yake mwenyewe, akawa anakwenda hata harusini na dumu lake la maji, mkamcheka, nami nilicheka, na jambo hilo linaniuma.

Alistaafu mwaka 2006, figo zikaanza kumsumbua mwaka 2019, na Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa nne asubuhi, akafariki dunia, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliotupatia viti na mikono yenu, na wenzake wa maabara walioleta pipa la maji mliyokunywa leo, kwa maana bomba la nyumba hii bintiye amelifunga kwa kitambaa tangu asubuhi, na hataki mtu aliguse.

Barua ya ishirini na saba iko mezani karibu na jeneza, kaka hakuwahi kuitia saini, kwa hiyo nawaomba ninyi ambao bado mnakunywa maji haya mpite pale kabla hatujaondoka. Pumzika sasa, kaka yangu, saini ya kwanza ni ya binti yako, ameandika jina lake lote, polepole, na hakukosea herufi hata moja.