Kamera ya Sokoni na Mashine ya Hospitali

Randa, seremala, alifika kijiweni na majibu mawili ya jicho lake la kushoto. Kamera ndogo ya mkononi, waliyokuja nayo wapima macho pale sokoni, ilionyesha mshipa wa nyuma ya jicho uko salama. Mashine kubwa ya hospitali, ile ya kuweka kidevu na kukodolea macho nukta ya kijani, ilionyesha umeanza kukonda. Presha ya macho hiyo, daktari alisema, atie matone kila siku. Randa alishachagua jibu lake. Alichotaka ni kahawa na watu wa kumuunga mkono.

– Kamera ndiyo kweli, alisema Wembe, kinyozi. Picha haidanganyi.

– Picha ni sura tu, akajibu Spika, fundi redio. Ile kubwa inapima unene. Redio inang'aa nje, ndani je?

– Imepima upesi mno. Haraka haraka haina baraka.

– Ulitaka jicho lichemshwe kama maharage?

Randa akacheka.

– Mimi ubao ukipinda hata kidogo nauona. Jicho bovu lingeweza?

– Basi umepona, Wembe akasema. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Methali hiyo inaingiaje hapa? Spika akauliza.

– Mgeni ni mashine, mwenyeji ni jicho. Lishapona hilo.

– Labda zote zimesema kweli, akasema Spika. Kamera imeukuta mshipa asubuhi, umeshiba. Mashine imeukuta mchana, una njaa.

– Hapo sasa umesema, Randa akamwambia, na moyo wake ukatulia kabisa. Akanyanyua kikombe.

– Mdogo wangu, nimekukosea nini?

Ilikuwa sauti ya dada yake mkubwa. Alikuwa amesimama kushoto kwake, karibu kabisa, mkono ameunyoosha.

– Nakupa mkono, huupokei. Umeninunia?

Wembe akainamia kahawa yake. Randa ilimbidi ageuze kichwa kizima ndipo akauona ule mkono, bado uko hewani.

Akaupokea kwa mikono yote miwili.

– Sijakununia, dada. Nisindikize duka la dawa.

– Kuna nini?

– Nina matone ya kununua. Halafu tembea upande huu huu wa kushoto.