Alipoambiwa Apumzike

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mtafiti wa ubongo aliyetutoka wiki iliyopita. Kazini walimpachika jina: Dada Na-Nini. Ukimwonyesha tofauti yoyote ile, atakuuliza, "Ukilinganisha na nini?"

Swali hilo liliokoa darasa. Narudia: darasa zima.

Lilikuwa darasa la jioni, la watu waliojifunza kusoma ukubwani. Mama yake mzazi alisoma humo. Dada na watafiti wenzake waliwalaza wanafunzi hao mmoja mmoja kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo: soma maneno haya, sasa pumzika, soma tena. Kompyuta ikachukua picha ya kusoma, ikaondoa ile ya kupumzika, kilichobaki ikakipaka rangi nyekundu. Watu wengine, waliosoma tangu utotoni, walipopimwa hivyo hivyo waliwaka. Wa darasa la jioni, kidogo tu.

Mkuu wa maabara akatangaza kwamba bongo hizo zimeshachelewa, hazifundishiki. Wafadhili wa darasa wakaanza kuulizia kufuli la kulifungia. Hatujawasahau, wasikilizaji.

Dada Na-Nini alikwenda jikoni kwa mama yake, akamkuta anamenya vitunguu. Akamuuliza: ulipoambiwa pumzika, ulifanya nini?

"Nipumzike vipi, mwanangu, na neno sijalimaliza? Nililirudia moyoni mpaka likaja lingine."

Na wenzake darasani vivyo hivyo. Mmoja alidhani ni mtihani, na nani anapumzika kwenye mtihani? Walisoma walipoambiwa wasome. Wakasoma walipoambiwa wapumzike. Ukitoa kusoma kwenye kusoma, unabaki na nini?

Mkuu akasema hizo ni hadithi za jikoni. Dada akadai jaribio lirudiwe, na safari hii, badala ya kupumzika, watu watazame nukta na kubonyeza kitufe zikibadilika rangi. Akakataliwa, akarudi. Akafungiwa mlango, akakaa kwenye ngazi. Jaribio lilipofanywa, wekundu ukajitokeza kwa wa darasa la jioni pia. Tofauti ndogo ilibaki, naye akaiandika waziwazi: ipo, maana yake hatujaijua. Darasa likabaki wazi. Hadi leo liko wazi.

Mazikoni watu walimpa mama mkono, wakimwombea marehemu apumzike kwa amani. Mama akawajibu, "Mwambieni apumzike, lakini msimwamini. Mtu wa kwetu huyo."

Mama, na darasa zima la jioni, msiba huu ni wetu sote. Nawe msikilizaji, siku wakikuonyesha picha na kukuambia kichwa cha fulani hakiwaki, usiinamishe chako. Uliza swali lake.