Siku Nane za Maua: Maisha ya Eldora Sanford Hennigar, 1939–2024

Familia za Sanford na Hennigar zinawashukuru nyote mliofika hapa Sheffield Mills leo, Jumamosi tarehe 1 Juni 2024, kumsindikiza Eldora. Mimi ni Aubrey, mdogo wake. Nimepewa kazi ya kusoma haya kwa amri yake mwenyewe. Mwezi Machi aliwaambia watoto wake, "Asome Aubrey. Hajui kupamba maneno, kwa hiyo hatanipamba." Basi sitampamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Februari 1939 katika nyumba nyeupe iliyo juu ya barabara ya kinu, mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Lemuel Sanford na mkewe, marehemu Ada. Theluji ilikuwa imeziba njia, na daktari alifika kwa gari la kuteleza lililovutwa na farasi. Akamkuta mtoto yuko mikononi mwa bibi yetu, amekwisha kuogeshwa. Mama alimwambia, "Daktari, umechelewa, lakini chai ipo." Kaka yetu Vernon alisimulia kisa hicho kila Februari mpaka alipofariki mwaka 2003.

Alianza masomo mwaka 1945 katika shule ya kijiji, ile ya chumba kimoja na jiko moja la kuni, kisha akasoma sekondari mjini Kentville. Lakini somo lililomfanya awe alivyokuwa hakulipata darasani. Wazee wenzangu mtaukumbuka mwaka 1950. Baada ya vita Uingereza ilikuwa imepunguza kununua matufaha yetu, na serikali ikawa inawasaidia wakulima kung'oa mitufaha ya zamani. Baba aling'oa nusu ya shamba kwa trekta na mnyororo, wiki za mwisho za Mei, miti ikiwa imechanua.

Eldora alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alichukua rundo la lebo za mapipa ya matufaha ambazo hazikuwa na kazi tena, akazigeuza, na akawa anachora kila mti kwa penseli kabla mnyororo haujaufikia. Baba hakuwa na raha siku zile. Alisimamisha trekta akamwuliza, "We Eldora, unachora kuni?"

"Nachora miti, baba. Ikishakuwa kuni nitaacha."

Baba akapanda tena kwenye trekta, na tangu hapo alingoja amalize mti mmoja ndipo aufunge mnyororo. Kazi ya siku nne ikachukua siku tisa. Miti iliyolala chini, mizizi ikiwa juu, iliendelea kufungua matumba yake kwa siku mbili tatu kana kwamba haijaarifiwa. Eldora aliniita nikaone. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikaona mti umeanguka. Yeye aliona kitu kingine, na alikifuata kwa miaka sabini na minne.

Septemba 1957 alikwenda Halifax kusomea sanaa. Mwalimu wake wa uchoraji wa rangi, mtu mwenye sifa zake, alimwambia mapema kwamba maua ya mtufaha ni mambo ya kalenda na kopo la biskuti. "Shuka bandarini, Miss Sanford. Huko ndiko kuna maisha." Dada alitii. Kwa karibu miaka mitatu alichora meli, winchi na wachukuzi, akapata alama nzuri, na akaniandikia kwamba kila picha aliyoimaliza aliiona kama barua aliyoandika kwa niaba ya mtu mwingine. Mwisho wa Mei 1960 alipanda basi akarudi nyumbani bila kuomba ruhusa. Mama alimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya ghala, chini ya ule mtufaha mkubwa wa aina ya Gravenstein ambao baba aliuacha.

"Chuo kimefungwa?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Mti umefunguka."

Alikaa siku nane, kwa sababu maua yalikaa siku nane. Mwaka uliofuata, ilipofika siku ya kuonyesha kazi za kuhitimu, alitundika picha kumi na mbili za mti ule peke yake. Mwalimu alizipitia zote mara mbili. "Picha kumi na mbili, mti mmoja?"

"Siku nane, mwalimu. Kila siku ulikuwa mti mwingine."

Alihitimu mwezi Mei 1961 kwa alama ya chini kuliko wote darasani. Cheti alikitundika kwenye banda la kuku. Alisema kuku ndio pekee waliowahi kumuuliza sifa zake.

Hakuishi kwa uchoraji, na hakuwahi kulalamika kwamba haukumlisha. Kuanzia 1961 alifungasha matufaha ghalani Port Williams, na kuanzia Septemba 1970 hadi Juni 1999 alikuwa dereva wa basi la shule. Wengi mlioketi hapa mlipanda basi lake. Alijua katika njia yake yote mti upi hufungua maua kwanza na upi huwa wa mwisho, na kila mwaka, asubuhi moja ya mwisho wa Mei, alisimamisha basi kando ya shamba la akina Rand, akazima injini, akasema, "Dakika mbili. Angalieni dirisha la kushoto." Mzazi mmoja aliandika barua kwa wakubwa kulalamika kwamba watoto wanacheleweshwa. Eldora aliitwa. Alipoulizwa kama ni kweli anasimamisha basi bila sababu, alijibu, "Si kweli. Nalisimamisha kwa sababu." Akaonywa. Mwaka uliofuata akaondoka dakika mbili mapema, na akasimama palepale.

Alimpata mumewe, Clyde Hennigar, kwa njia ambayo wote wawili waliisimulia tofauti. Haya ni ya Clyde, maana ndiyo mafupi. Juni 1962 alikuwa akipuliza dawa katika shamba lake karibu na Canning, akamkuta mwanamke asiyemjua amekaa katikati ya mstari wa miti na turubai yake ya kuchorea.

"Bibi, napuliza dawa hapa."

"Pulizia upande ule. Mimi nina siku nane tu."

"Na mimi je? Shamba ni langu."

"Wewe una mwaka mzima."

Clyde akapulizia upande ule. Majira ya machipuko yaliyofuata, Eldora aliporudi, alikuta nyasi chini ya mti ule zimefyekwa duara, upana wa kigoda na ubao wa kuchorea, na hapakuwa pengine palipofyekwa shamba zima. Walifunga ndoa tarehe 3 Oktoba 1964 katika kanisa hili, wakaishi nyumbani kwa baba, kwenye ule Gravenstein. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lorna na Ross. Clyde hakujua lolote kuhusu picha na hakujifanya anajua, lakini kwa miaka arobaini na sita ndiye aliyekwenda shambani alfajiri kila siku ya Mei kutazama matumba, kisha akarudi mezani na kusema "bado" au "leo." Alifariki Aprili 2011. Mwezi uliofuata Ross aliamka mapema, akaenda kutazama, akarudi akasema "leo," na mama yake akainuka, akachukua brashi zake.

Watu walizoea kumuuliza mawazo anayatoa wapi. Swali hilo lilimkera. "Sitoi popote," alikuwa akijibu. "Picha iko pale nje. Kazi yangu ni kufika kwa wakati na kutokwenda nyumbani mapema." Alikaa kwenye mvua ndogo akiwa na mwavuli uliofungwa kwenye kiti. Alikaa na nyuki. Mara moja alikaa na homa ya mapafu, na kwa hilo daktari na mimi hatukumsamehe haraka.

Novemba 2016 alipata kiharusi. Alirudi nyumbani akitembea kwa mkongojo, na mkono wa kulia ukawa umekufa kuanzia kiwiko. Nilidhani basi, hadithi imeishia hapo, na nikamwambia, kwa nia njema, kwamba miaka hamsini na sita ya kuchora inamtosha mtu yeyote.

"Aubrey," akasema, "wewe ulipovunjika mguu ulilima?"

"Nililima."

"Basi kunywa chai yangu kimya."

Majira yale yote ya baridi alijifunza kwa mkono wa kushoto. Kwanza mistari, kisha duara, kisha kijiko, kikombe, na mkono wenyewe. Picha ya Mei 2017 aliyoichora kwa mkono huo ilikuwa mbaya, na mimi simsemei, yeye mwenyewe alisema ilikuwa kama kuku aliyekanyaga rangi. Hakuichoma. Aliitundika jikoni, mahali ambapo angeiona kila asubuhi, na akaendelea kufanya mazoezi mwaka mwingine mzima.

Kufika Mei 2018 mkono wa kushoto ulikuwa tayari. Mti nao ulikuwa tayari. Sijawahi kuona matumba mengi namna ile. Halafu ikaja jalidi, ile baridi ya usiku inayounguza maua, ya tarehe 4 Juni. Wakulima mliopo hamhitaji kuambiwa. Asubuhi ile tulitoka tukakuta maua ya bonde zima yamegeuka rangi ya chai, laini kama karatasi iliyolowa. Nilitembea mistari yangu yote na sikuona hata ua moja zima. Kisha nikaenda kwa dada, kwa kuwa nilijua alikuwa ameingojea siku ile kwa miezi kumi na minane. Nilimkuta Ross anamsaidia kukaa kwenye kigoda chini ya Gravenstein.

"Eldora, twende ndani," nikamwambia. "Mwaka huu hakuna kitu cha kuchora."

Alikuwa akiuangalia mti. Hakugeuka.

"Upo," akasema.

"Yameungua yote."

"Naona. Sijawahi kuiona rangi hii. Nipe ile kahawia, tena ile chupa ya njano, halafu usinizibie mwanga."

Nilikasirika, nasema kweli. Nilikuwa nimepoteza mavuno ya mwaka, na yeye anataka chupa ya njano. Nikampa, nikaenda zangu. Alichora siku nane, kama kawaida yake, na Lorna akimlisha kwa kijiko saa za mchana kwa sababu hakutaka kuiweka brashi chini.

Picha ile iliwekwa ukumbini hapa kijijini mwezi Julai, siku wakulima walipokutana kuzungumzia hasara. Hakuna aliyetangaza. Ilikuwa tu ukutani. Wanaume ambao kwa miaka hamsini walipita kando ya kigoda chake wakimpungia mkono bila kusimama, walisimama. Mti mzima umeungua, kila ua lina rangi ya chai, lakini ukisogea karibu unaona chini ya kila shada tumba la jani jipya, kijani, limechorwa kwa mstari mmoja wa mkono wa kushoto. Harlan Pineo, ambaye mnamjua hana maneno mengi, alivua kofia yake akasema, "Ndivyo ilivyokuwa." Mimi nilitoka nje. Nilipomrudia dada, nilimwambia nilikosea. Alisema alikuwa anajua.

Januari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Daktari alizungumza kuhusu wiki. Eldora alimuuliza ni wiki ngapi, akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto mpaka mwisho wa Mei, akamwambia, "Hizo hazinitoshi, kwa hiyo tutaongeza." Aliongeza. Alikula alichoweza, akalala alipoambiwa alale, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu yeyote. Tarehe 25 Mei Ross alisema "leo," tukambeba na kiti chake. Alichora siku nne. Siku ya nne alasiri brashi ilimtoka, na Lorna, akiona sehemu ya juu ya turubai bado ni nyeupe, aliiokota akataka kumsaidia.

"Usinimalizie," mama yake akasema. "Katafute mti wako."

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Jumatano tarehe 29 Mei 2024, akiwa na umri wa miaka themanini na mitano, watoto wake wote wawili wakiwa naye.

Ameacha binti yake Lorna wa Truro, na mwanawe Ross pamoja na mkewe Janine, wanaolitunza shamba, wajukuu watano, kitukuu mmoja, Wren, mwenye miezi saba, na mimi. Ametanguliwa na wazazi wetu, na kaka yetu Vernon, na mumewe Clyde.

Mtaona jeneza halina maua. Ni agizo lake, na aliliandika ili tusibishane: ua likikatwa halizai tufaha. Kwa hiyo tukitoka hapa, tafadhali msiende moja kwa moja kwenye chai. Piteni shambani. Mti uko siku ya nane.

Dada, kazi uliifanya. Mungu akupe mahali pa kukaa, pasipo na mtu wa kukuharakisha, na upumzike kwa amani.