Ndururu Aliyotembea Nayo Ephantus Mbuthia

Wasifu wa marehemu Ephantus Mbuthia Mungai, 1952–2025. Umeandikwa na kusomwa na dadake mdogo, Kanini, wakati wa mazishi, Uthiru.

Kabla sijaanza, naomba waliovaa miwani nyeusi waivue. Jua halijatoka, na mimi hupenda kuona macho ya watu ninapowasomea.

Marehemu Ephantus Mbuthia alizaliwa tarehe 14 Machi 1952 hapa Uthiru, kifungua mimba wa marehemu Mzee Mungai na marehemu mama yetu, Wanjiru. Zamani zile sarafu ya senti tano, ndururu, ilikuwa na tundu katikati, na watu walizitunga kwenye uzi zisipotee. Mama alipata moja mpya ya mwaka uo huo wa 1952 akamfungia mtoto mkononi. Tulipomuuliza sababu, alisema ni ili asibadilishiwe mtoto na jirani. Kwa hiyo mtuwie radhi mkiona ukoo huu unashuku watu. Tulianza mapema.

Alisomea shule ya msingi ya hapa karibu kuanzia 1959, kisha akaenda shule ya bweni Murang'a, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1971. Wenzake wa bweni wanamkumbuka kama mvulana aliyekula mkono mmoja ukiwa mfukoni. Ndururu yake ilikuwa humo, na hakuwaamini.

Mwaka wa 1974 aliajiriwa na kampuni moja ya bima katikati ya mji, akawa mkaguzi wa madai hadi alipostaafu mwaka wa 2007. Kazi yake ilikuwa kutoamini, na aliifanya kwa moyo wote. Ukidai duka lako limeungua, yeye alikuja kuangalia kama bidhaa zilitolewa kabla ya moto. Wapo hapa leo watu ambao madai yao aliyakataa. Wamekuja kuomboleza, au wamekuja kuhakikisha. Vyovyote vile, karibuni chakula.

Tarehe 2 Desemba 1978 alifunga ndoa na Njambi. Kabla ya kumposa alizunguka akiwauliza majirani habari zake. Njambi alipogundua, naye akaenda ofisini kwake kuuliza habari za Ephantus, kisha akamwambia tuko sawa sasa. Wamekaa pamoja hadi mwisho. Jambo pekee Njambi alilowahi kulalamikia mbele yangu ni mifuko ya suruali. Ndururu ilikuwa ikiitoboa, naye alikuwa akiishona, miaka nenda miaka rudi.

Baada ya kustaafu, ndugu yetu aliingia katika mambo ya sarafu, na hapa naomba msikilize vizuri kwa sababu wengi mmeyasikia nusunusu. Wakusanyaji wa dunia hutafuta sarafu inayong'aa. Wataalamu wa huko nje huipa kila sarafu alama kuanzia moja hadi sabini, na watu hupigania sabini. Ephantus alitafuta moja. Alitaka sarafu iliyochakaa hadi imekuwa laini kama sabuni ya kuogea, lakini iwe bado inasomeka mwaka. Wapo watu wanaozikusanya hizo, na huzilipia vizuri kuliko za kung'aa, kwa kuwa hakuna anayeweka sarafu mbovu. Watu huzitupa au huziyeyusha. Na kuchakaa kwenyewe kunataka mikono mingi na miaka mingi. Ila kuna mpaka. Mwaka ukifutika, thamani yote imekwisha, umebaki na kichuma.

Kila Jumamosi alikuwa Ngara, kwa wauza vyuma chakavu, akiinama na lenzi yake. Huko ndiko alikojuana na Kivuva, ambaye namwona pale nyuma akitabasamu kabla ya wakati. Siku moja Kivuva alimletea shilingi ya zamani iliyolainika kabisa. Ephantus akaigeuzageuza chini ya lenzi.

"Kivuva, hii haijachakaa. Hii imesuguliwa."

"Wacha hizo mzee, iko tu hivyo."

"Mikwaruzo yote imeelekea upande mmoja. Mfuko haukwaruzi hivyo. Umeisugua na nini?"

Kivuva akakuna kichwa. "Jivu na gunzi. Lakini si ni same tu?"

Ephantus alicheka hadi akakalishwa kwenye debe. Alimnunulia Kivuva chai, shilingi akamrudishia.

Lakini katika mkusanyiko wake wote, hakuna iliyokaribia ile ndururu ya mkononi. Ilikuwa imefika chini kabisa, kwenye alama ya moja. Upande mmoja ulibaki mtupu, upande wa pili ukabaki na kivuli cha pembe za ndovu na 1952, ukiiinamisha kwenye mwanga. Habari hizo zilimfikia Bwana Quincy Odhiambo wa Spring Valley, mkusanyaji, aliyeketi hema la pili akiwa na koti zuri kuliko la mchungaji. Alikuja na bei ambayo Shiru, binti wa marehemu, aliposikia ilibidi aketi. Alimsihi Ephantus aifungie ndururu kwenye plastiki, asitembee nayo tena, maana ule mwaka ulioandikwa ulikuwa unakaribia kufutika. Ephantus akamjibu kuwa ameishi nayo mfukoni na haoni kwa nini aifunge jela uzeeni.

Mwezi wa Aprili 2024 alipata kiharusi, miguu ikakataa. Shiru aliwahamishia yeye na Njambi nyumbani kwake Kileleshwa. Quincy alikuja kumjulia hali na matunda mengi mno. Kesho yake ndururu haikuwa mfukoni mwa marehemu. Mimi nilipekua nyumba nzima. Nilimpigia Quincy simu.

"Auntie, haki ya Mungu, mimi siwezi. Hiyo kitu nilimbeg aiweke poa, sasa niiibe ya nini?"

"Ya kuiweka poa," nikamwambia, nikakata.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni Ephantus mwenyewe. Mkaguzi mzima apoteze kitu kama kile, asiulize swali hata moja? Alikuwa akitazama dirishani tu, ametulia. Sikuelewa, na nilikasirika naye. Aliaga dunia tarehe 9 Februari 2025, saa kumi na moja asubuhi, Njambi akiwa amemshika mkono. Ninamlilia kila siku.

Baada ya hapo ndipo Njambi alipotuambia. Ndururu alikuwa nayo yeye. Ephantus alimpa siku ile Quincy alipoondoka, akamwambia, "Mimi sitembei tena. Wewe bado unatembea. Tembea nayo." Akatembea nayo kanisani, sokoni, na kwenye foleni za dawa. Na alisema Ephantus aliomba azikwe nayo mkononi, kama alivyokuja.

Watoto walishtuka. Shiru alimuuliza mamake kama anajua anazika nini. Mungai, kaka yake, alisema tusidanganyane: kila mtu Ngara anajua thamani ya ile ndururu, na mtu atakuja na jembe baba hajamaliza wiki kaburini. Hilo lilimwingia Njambi. Niliuona uso wake. Tukakubaliana tukutane Alhamisi, Quincy awepo, tuamue kuuza au kuzika.

Alhamisi Njambi aliiweka ndururu mezani. Quincy akaiinamia na lenzi, kisha akarudisha bahasha yake ya pesa ndani ya koti. "Mwaka umeenda," alisema. "Pole sana, Mama." Siku hiyo nilimwamini kwa mara ya kwanza.

Mimi nilikwenda jikoni kuweka maji ya chai. Nyumba ya Shiru hupikia gesi. Kwenye pipa la taka kulikuwa na gunzi la mahindi lililojaa jivu. Nilirudi nikaichukua lenzi ya kaka yangu nikaitazama ndururu, na mikwaruzo yote ilikuwa imeelekea upande mmoja. Njambi akanishika kifundo cha mkono.

"Wifi, imetembea."

Kaka yangu angeandika ripoti. Mimi nilisema ndiyo, imetembea, nikamkumbatia. Ninajua mchungaji ananitazama, na Shiru pia. Kwa upande wangu dai hili limelipwa na faili limefungwa.

Kwa hiyo ninatangaza mbele ya mashahidi wote, na hasa wale ambao tangu asubuhi wanalipima kaburi kwa macho: marehemu amefungiwa ndururu mkononi kwa uzi. Haisomeki mwaka. Haina bei Ngara, haina bei Spring Valley, haina bei popote. Msisumbue majembe yenu.

Marehemu ameacha mjane, Njambi, watoto, Mungai na Shiru, wajukuu, na dada mmoja, mimi, ambaye leo usiku atalala hapa Uthiru na dirisha wazi upande huu wa kaburi.

Apumzike kwa amani, na aachwe apumzike.