Kaya ya Revocatus Iliyokataa Kufunguka

Habari hii aliyenisimulia kwanza ni Flora, muuza kahawa wa Nyasho, Jumapili ya tarehe 9 Julai 2023, siku moja baada ya kutokea. Mdogo wangu Isaya aliithibitisha baadaye, isipokuwa sehemu moja nitakayoitaja. Flora huuzia kahawa mbele ya kibanda cha Gody, fundi wa kompyuta, penye benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Asubuhi ya tukio walikuwepo Gody mwenyewe, mlangoni. Machage, anayeitwa Mkemia kwa kuwa aliwahi kufanya kazi machimboni Buhemba. Stanislausi, aliyeitwa Spika kwa kuwa hakuacha mjadala bila kuufunga. Na Isaya na kompyuta yake mpya. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa zamani wa kujenga kijiji. Kaka yetu Revocatus aliucheza miaka mingi, akaijenga humo kaya yetu ya Butiama nyumba kwa nyumba, mpaka alipofariki mwaka 2008. Kompyuta yake ilipigwa na radi mwaka 2022, ila Isaya alikuwa ameshanakili kila kitu. Sasa Mama alikuwa njiani kuja kuiona kaya hiyo. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa, na daktari alisema la kulia halimalizi mwaka. Na mchezo haukutaka kufunguka.

— Imesemaje sasa? — aliuliza Isaya.

— Ileile, — alisema Gody. — Memori haitoshi.

— Tulianza na giga nne.

— Ikasema haitoshi. Tukaweka nane, haitoshi. Saa hizi ziko kumi na sita, bado inalia njaa. Mimi nimechoka, kaka.

— Haba na haba hujaza kibaba, — alisema Spika. — Ongeza.

— Spika, tangu saa mbili tunajaza hicho kibaba chako.

Mkemia alipuliza kahawa yake.

— Tatizo siyo kiasi, ni aina. Kule Buhemba tulikuwaga na dhahabu ya kuonekana na ya kutoonekana. Hii memori ya kisasa ni ile ya kutoonekana. Mchezo wa zamani hauioni mpaka uichenjue, kama mchanga wa dhahabu.

— Niichenjue na nini?

— Zebaki. Tone moja tu.

— Ukiweka zebaki kwenye kompyuta yangu, — alisema Isaya, — nakuweka wewe ziwani.

— Hasira hasara. Dhahabu yenyewe...

— Mkemia, kunywa kahawa.

Spika alikohoa, jinsi alivyokohoaga kila alipotaka kufunga mjadala.

— Nyote hamjui. Siku hizi kila kitu kimeunganishwa na kitambulisho. Hiyo mashine imeshajua mwenye mchezo ni marehemu. Haiwezi kumfungulia mtu baki tu. Inasubiri barua ya mirathi.

— Barua ya mirathi ya mchezo?

— Mali ni mali. Mkataa kwao mtumwa.

— Hiyo methali imeingiaje hapo?

— Itaingia. Ifikirie.

Hakuna aliyeifikiria. Simu ya Isaya ililia, akasoma ujumbe, akaiweka chini taratibu.

— Mama ameshashuka stendi. Anapanda bodaboda.

— Mwambie umeme umekatika, — alisema Spika.

— Huyo mama sijawahi kumdanganya, mzee. Na amevaa gauni la kanisani. Gauni la kanisani, Jumamosi!

Flora alikuwa anasuuza vikombe.

— Nyie, — alisema. — Ile ya marehemu ilikuwa na memori kiasi gani?

— Megabaiti sitini na nne, dada, — alisema Gody. — Hata robo ya giga haifiki.

— Kwa hiyo ulizoea kidogo, huo mchezo.

— Kidogo sana.

— Sasa ng'ombe aliyekulaga nyasi kavu kiangazi chote, mvua ikanyesha, akaingia kwenye majani mabichi, akaanza kulia tumbo. Mnamwongezea majani?

Hapa ndipo Isaya anasimulia tofauti. Yeye anasema wazo lilikuwa la Gody. Nilimwendea Gody mwenyewe. Alicheka kidogo, akasema, "Ni Flora." Nimeandika hivyo.

— Anavimba, — alisema Mkemia, ambaye alichunga kabla ya kuchimba. — Ukimwongezea, unamzika.

Spika alitafuta methali, akakosa.

Gody aliingia ndani. Alichokifanya alinieleza hivi: mchezo ule uliandikwa wakati memori ilikuwa kidogo, na hesabu yake ina mwisho. Ukiupa kupita huo mwisho, hesabu inageuka, unasoma chini ya sifuri, ndipo unalalamika. Kwa hiyo aliiambia kompyuta itumie giga moja tu, akaizima, akaiwasha. Jogoo wa mchezo akawika.

Bodaboda ilisimama wakati huohuo.

— Shikamoo mama.

— Marahaba. Iko wapi?

Hakutaka soda wala pole ya safari. Gody alimtolea kompyuta nje; Mama alikaa kwenye benchi, akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo, na Isaya akamsomea majina. Nyumba ya Mama. Nyumba ya Isaya. Nyumba ya Nyamburi, ndiyo yangu. Zizi. Ghala la Bibi Robi.

— Jiko kaliweka upande wa upepo, — alisema Mama. — Moshi wote utaingia kwangu. Huyu mtoto!

Alicheka. Isaya anasema hakuwa amemsikia akicheka hivyo tangu msiba. Kisha akauliza:

— Na yake iko wapi?

Isaya alizunguka kaya yote, mpaka mtoni, mpaka pembe ambako mchezo unaishia. Gody akachukua nafasi, akazunguka tena. Mkemia alisimama nyuma yao akiangalia. Hapakuwa na jina la Revocatus popote.

— Mimi ameniwekea, — alisema Mama. — Yeye alikuwa analala wapi?

Mkemia alinyoosha kikombe chake bila kutazama. Flora aliinamisha birika. Halikutoa kitu.

Katika waliokuwepo, Isaya yupo. Gody yupo, amehamia Kabasa, Bunda. Machage yupo. Flora yupo, na anauza palepale. Stanislausi alifariki Machi 2024. Mama yupo. Haoni tena, ila ukimuuliza jiko la kaya ile liko upande gani, anakuonyesha kwa mkono.