Dada Yetu Aliyechora Mkanda, Ndoo na Ukuta

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa mwisho. Marehemu mwenyewe aliupitia mwezi wa tano akiwa kitandani, akafuta mistari kumi na mmoja aliyosema ni chuku tupu. Iliyobaki ndiyo hii, pamoja na habari za Juni alizoziongeza mdogo wake, na mkisikia mahali anasifiwa kupita kiasi, jueni mdogo wake ameurudisha mstari mmoja kwa siri.

Marehemu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika nyumba ya tatu kutoka kona, mtaa wa nyuma ya kituo cha reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne. Baba alikuwa karani wa mizigo, Mama mshonaji. Akiwa na miaka saba aliichukua saa ya Baba, ile yenye mkanda wa chuma wa vipande vipande, akachomoa pini zote kwa sindano ya Mama, akaviosha vipande kimoja kimoja kwa mswaki mpaka maji yakawa meusi. Alipoviunganisha tena, kipande kimoja kikabaki mezani. Baba akaivaa saa, ikambana. Akakitazama kile kipande, akamtazama mtoto.

"Umeiosha au umeipunguza?"

"Nimeiosha, Baba. Hicho kilikuwa kichafu sana, nimekiacha."

Wiki nzima Baba alikwenda kazini na saa mfukoni, na kila aliyemuuliza saa ngapi alisimuliwa kisa chote kabla ya kupata jibu.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, kisha akaingia sekondari ya ufundi. Darasa la uchoraji wa mashine lilikuwa na wavulana ishirini na tisa na yeye. Muhula wa kwanza walimtania, muhula wa pili wakawa wanaazima madaftari yake. Mwaka 1980 alipata stashahada ya uhandisi wa mitambo. Huko chuoni mwalimu wake alipenda kusema kwamba mashine ni nguvu na mwendo, basi siku moja marehemu akanyoosha mkono: "Na usafi je, mwalimu? Nani anaiosha?" Darasa zima lilicheka. Mwalimu alikohoa, akaendelea na somo.

Januari 1981 aliajiriwa katika karakana ya mitambo ya viwanda vya chakula, chumba cha michoro, ghorofa ya kwanza, meza ya dirishani. Kazi yake ilikuwa kuchora konveya, yaani mikanda ya kusafirishia vitu visivyofungashwa: dengu, mchele, sukari, unga. Siku hizo mikanda mingi ilikuwa ya mpira na kitambaa. Ikichanika kidogo tu, maji yanaingia ndani, unga unaganda humo, na harufu yake, alisema mwenyewe, inakufuata mpaka ndani ya basi. Yeye akaanza kuchora mikanda ya vipande vya plastiki vinavyoshikana kwa bawaba na pini ndefu, ili kipande kikivunjika kibadilishwe hicho hicho, na mkanda wote uweze kufunguliwa na kuoshwa. Vipande alitaka viwe vya bluu. Hakuna dengu ya bluu, alisema, kwa hiyo kijipande kikidondokea kwenye chakula kitaonekana. Na kabla ya kupitisha kazi yoyote aliingiza kitambaa chake cheupe cha mfukoni katika kila kona ya mtambo. Kikitoka na doa, mchoro unarudi mezani, hata kama meneja amesimama mlangoni ananung'unika.

Sasa lile kosa. Wanafamilia wengine walitaka lisisomwe, lakini mwenyewe aliliwekea alama ya vema.

Mwaka 1989 alichora mkanda wake mkubwa wa kwanza, mita kumi na nane, kwa ajili ya kiwanda cha dengu. Siku ulipowashwa watu walipiga makofi. Wiki mbili baadaye aliitwa haraka: dengu zilikuwa zinanuka. Alimkuta msimamizi wa waosha mitambo, kijana mrefu mwenye buti za mpira, amesimama na ndoo yake.

"Dada, hizi pini zinachomolewa upande gani?"

"Kushoto."

"Na zina urefu gani?"

"Sentimita themanini."

"Haya. Kushoto kuna ukuta."

Marehemu aliutazama ukuta. Kati yake na mkanda palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja, basi. Alikuwa amechora kila jino la kila gurudumu, ila ukuta hakuuchora. Waoshaji walikuwa wanaumwagia maji mkanda uliofungwa, na uchafu umetulia zake ndani ya bawaba. Aliona haya, na alilisema: "Kosa ni langu." Konveya ilichukua siku tisa kusogezwa. Siku zote hizo aliomba buti na ndoo, akaosha mitambo mingine pamoja nao. Hapo ndipo alipoona kwamba hata penye nafasi, pini zake zilitoka kwa kugongwa nyundo tu, na kwamba vifundo vya vidole vya yule msimamizi vilikuwa vimevimba kwa kugonga pini asubuhi na jioni.

Tangu siku hiyo hakuna mchoro uliotoka mezani kwake bila ukuta, na kando ya mkanda mtu mdogo aliyeshika ndoo. Pale karakana, mtu akisahau jambo la maana, mpaka leo anaambiwa, "Hujachora ukuta."

Yule msimamizi ndiye shemeji yetu. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 8 Desemba 1990, katika ofisi ya msajili wa ndoa. Wadogo zake tulimtania kwamba kumbe yule mtu wa kwenye michoro ni shemeji. "Si yeye," akasema. "Shemeji yenu ana masikio makubwa zaidi." Halafu, ukumbini kwenye karamu, alipoombwa aseme neno, alimgeukia mume wake akaahidi jambo moja mbele yetu sote: "Nitakuchorea mkanda utakaoufungua kwa mikono mitupu. Bila nyundo." Ukumbi ulicheka. Shemeji alijibu, "Nitausubiri."

Alisubiri sana. Walijaliwa watoto wawili, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu, na ahadi ikawa bado iko mezani. Mkanda ukishika vizuri, haufunguki bila nyundo. Ukifunguka kwa mkono, unafunguka pia pasipotakiwa. Mwaka 1997 mmoja ulijiachia wenyewe ukiwa umebeba sukari, na sakafu nzima ya kiwanda ikawa nyeupe. Shemeji alikwenda kumsaidia kufagia. "Umefunguka kwa mikono mitupu kweli," alimwambia, "ila mikono yenyewe haikuwepo." Marehemu alikaa chini kwenye sukari akacheka mpaka akashika mbavu.

Alistaafu Machi 2018. Kufikia wakati huo vidole vya shemeji vilikuwa vimekakamaa, hata vifungo vya shati alifungiwa na mkewe kila asubuhi. Kila akivifunga, marehemu aliikumbuka ahadi yake, na kwa kweli ilimuuma.

Februari 2021 madaktari waligundua kwamba figo za marehemu zimechoka. Akawa anakwenda hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu. Aliisifu ile mashine, akasema aliyeichora anajua kuosha. Toroli la chakula hakulisifu. Alipitisha kitambaa chake kwenye magurudumu yake, akamwonyesha muuguzi, na wiki iliyofuata toroli liliingia wodini linang'aa. Nyumbani aliendelea kuchora, ubao juu ya magoti. Kufa hakukumtisha sana. Alimwambia mdogo wake waziwazi: "Naogopa nitaondoka huku shemeji yako bado anausubiri."

Jumamosi, tarehe 1 Juni 2024, mafundi wawili wa karakana walileta mkanda wa majaribio, mita tatu, wakautandaza juu ya meza ya kulia chakula. Waliukamata huku na huku wakauvuta kwa nguvu zao zote, haukuachia. Kisha shemeji akaitwa. Vidole havikumsaidia, akaweka kitako cha kiganja juu ya kifungo cha kwanza, kilichowekwa mahali pa pini, akabonyeza. Bawaba ikalia ta, ikafunguka. Akabonyeza cha pili, cha tatu, mpaka mkanda wote ukawa vipande ndani ya beseni. Akaviosha. Akachukua kile kitambaa cheupe, akakipitisha kila kona, akamletea mkewe kitandani. Kilikuwa cheupe.

"Umeumia?" akauliza marehemu.

"Sijaumia hata kidogo," akasema shemeji, machozi yanamtoka.

Anayesoma haya alikuwepo, na yeye pia alilia. Kisha akauangalia mchoro ukutani, akaona kasoro, akadhani ni ugonjwa umemsahaulisha.

"Dada, safari hii umesahau ukuta."

"Sijasahau. Huu unafungukia juu. Mtu auweke popote anapotaka."

Marehemu alifariki dunia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwake, mume wake amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita, na siku hizo kumi za mwisho hakuuliza tena habari za kazi.

Ameacha mume, binti ambaye ni mwalimu wa hisabati, mtoto wa kiume ambaye ni fundi umeme, wajukuu watatu, wadogo zake watatu, wenzake wa chumba cha michoro, na waosha mitambo wa kiwanda cha dengu, wale pale nyuma, ambao mkanda mpya unafungwa kwao mwezi ujao.

Mchoro huo wa mwisho mmeuona nyuma ya ratiba ya mazishi. Mtazameni vizuri yule mtu mdogo aliye kando ya mkanda. Kwa miaka thelathini na mitano alikuwa amesimama, ndoo mkononi. Safari hii dada ameigeuza ndoo kifudifudi, na mtu ameikalia, mikono juu ya magoti. Nawe dada, pumzika hivyo hivyo, kwa amani.